Nilisema mama mkwe amekufa, naye yuko hai

Admin, nifichie jina, maana huku Ngungu tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Nilizaliwa Itebero, huko msituni Walikale, nikaolewa huku Masisi, nina watoto wanne. Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Mama mkwe wangu alipooza upande mmoja miaka tisa iliyopita, na tangu siku hiyo yuko mikononi mwangu. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani, namtoa juani, kisha nakimbia shambani kupalilia maharage na kurudi kabla hajalowa. Mume wangu ni mtu mwema, hanipigi, ila akiulizwa hali ya mama yake anajibu, "Muulize bibi yangu," yaani mimi mke wake. Mama mwenyewe hana neno baya. Ananiita mtoto wake, na mimi nampenda. Naomba mkumbuke hilo mnaponihukumu.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kutusalimia, akasema atakaa na mama siku chache. Nikatumwa ziwani, Bweremana, kuchukua dawa za presha za mama. Kwenye kituo cha afya nikaambiwa dawa zitafika baada ya siku mbili. Ningeweza kupanda nyumbani na kushuka tena. Badala yake nilisimama barabarani kidogo, nikajikuta nafuata njia ya kando ya Ziwa Kivu kuelekea Shasha, peke yangu, bila kazi yoyote.

Ile njia ni mbaya. Ni mawe na makorongo, na mahali pengine mlima unaangukia moja kwa moja majini, mtu anapita ameshikilia majani. Lakini nikagundua jambo: kumbe natembea haraka! Miaka tisa nilizoea mwendo wa mgonjwa, nikadhani ndio mwendo wangu. Nikagundua pia kwamba napenda kukaa kimya, na kwamba nikiwa peke yangu naimba nyimbo za Itebero nilizodhani nimezisahau. Nilikaa juu ya jiwe, nikatia miguu majini, sikumfikiria mtu yeyote. Sikumbuki mara ya mwisho nilikaa hivyo.

Shida ni kwamba kwetu mwanamke hatembei mikono mitupu. Utamwona na kuni, au mihogo, au mtoto mgongoni. Asiye na mzigo labda anakimbia, labda anapeleka habari ya kifo. Karibu na Shasha nikakuta wamama watatu wanafua nguo kwenye mawe.

"Mama, uko naenda wapi bila muzigo?" mmoja akaniuliza. "Ni bwana amekufukuza?"

Ningesema nini? Kwamba natembea tu? Wangesema nina wazimu, au nina mwanaume mahali. Mdomo ukatangulia akili.

"Hapana. Niko napeleka habari. Mama mukwe yangu amekufa."

Nguo ziliachwa palepale. Waliniketisha, wakanishika mikono, wakaniombea. Mkubwa wao akauliza mama mkwe ni wa wapi. Nilipomtaja, kumbe alimjua, waliwahi kuimba pamoja katika kwaya ya kanisa huko Ngungu. Alilia machozi ya kweli. Na mimi nililia, jamani, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa nimesikia neno "amekufa" likitoka mdomoni mwangu, na mwili wote ukawa mwepesi. Huo ndio ukweli wangu, sijawahi kumwambia mtu.

Niliendelea hadi Kirotshe, nikapata pa kulala kwa dada mmoja wa Walikale, kesho yake nikarudi taratibu. Siku ya tatu nikachukua dawa na kupanda Ngungu kwa pikipiki. Kabla sijafika nyumbani nikasikia nyimbo za msiba. Wamama kumi na mmoja kutoka Shasha walikuwa uani kwetu na masufuria, kuni na maharage. Hawakupiga simu kuuliza, maana habari waliitoa kwa mkwe mwenyewe. Na katikati yao, kwenye kiti chake juani, mama mkwe amekaa anawatazama.

Mume wangu alikuwa ametoka shambani mbio akidhani mama amekata roho.

"Umeua mama yangu na mudomo!" alinipigia kelele mbele ya watu wote.

Shemeji zangu wakasema nirudi Itebero mpaka wazee wa familia wakae. Wale wamama hawakutaka hata kuniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyewanyamazisha ni mama mkwe, kwa ule mdomo wake ulioenda upande. "Mubaache bamama bapike. Batoka mbali." Kisha akawageukia wanawe. "Huyu naye haendi fasi yoyote, atabaki hapa."

Chakula kikaliwa, wamama wakaondoka, nikadhani yameisha. Kesho yake namwogesha, akaniuliza polepole, "Mutoto yangu, ile siku ulisema nilikufa, roho yako ilisikia nini?"

Nikamjibu, "Mama, maji inapoa."

Juzi akaniuliza tena. Nikamwambia nilisikia aibu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Aibu ilikuya nyuma. Mbele yake ulisikia nini? Usinidanganye, miye niko nakujua."

Nikimwambia nilisikia nafuu, naogopa ataanza kukataa chakula ili anipunguzie kazi. Ni mtu wa namna hiyo. Nikimdanganya, atajua. Na kuna jambo linanitesa zaidi: nataka kuipita tena ile njia ya ziwani, hata siku mbili tu kwa mwaka, na sijui namna ya kuomba ruhusa bila kuonekana namwombea afe.

Ninyi mnaouguza wazee nyumbani, msinitukane, mimi nimejitukana vya kutosha. Kesho asubuhi nitachemsha maji, nitamvua nguo, na ataniuliza. Nimjibu nini?