Matofali Yaliyofungiwa Hewa ya Makaa

Miaka ile ya themanini, kikundi chetu cha akina mama karibu na Emali kilikuwa kinajenga chumba cha nasari, na bei ya simiti ilikuwa imetushinda. Ndipo akaja injinia mmoja kutoka Nairobi, kijana mpole, akasema atatufundisha kutengeneza matofali ya chokaa na majivu ya volkeno, yenye simiti kidogo sana. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na sikumwamini.

Kilichonitia wasiwasi ni kibanda chake. Alipanga matofali mabichi ndani, akaziba mlango na kila ufa kwa udongo, kisha akawasha makaa kwenye pipa nje na kupitisha hewa yake ndani kwa bomba. Alisema chokaa huivuta hewa hiyo na kuwa ngumu kama jiwe. Sisi tulijua hewa ya makaa kwa jambo moja tu: huua watu waliolala na jiko ndani. Mama mkwe wangu akaweka kiti chake mbele ya kibanda, mtoto yeyote asisogee.

"Mtu anayefungia matofali anaficha nini?" mume wangu aliniuliza.

Nikamwambia angoje tukifungue kibanda. Tulipofungua, tofali lilikuwa gumu nje, lakini tulipolivunja, katikati lilikuwa unga.

"Injinia," nikamwambia, "unaijua kazi hii, ama unajaribia kwetu?"

"Najaribu, mama. Yalikuwa na maji mengi. Maji yaliziba vijitundu, hewa haikufika ndani."

Jibu hilo lilinikasirisha, lakini ndilo la kwanza nililoliamini. Tukafyatua mengine kwa mchanga wa chenga kubwa, tukayaanika kivulini mpaka unyevu ukapungua, tukayapanga yakiachana. Siku ya kufungua, kabla mtu hajaingia, injinia alisukuma koroboi ndani kwa ufito mrefu. Moto ukazimika, na upepo haukuwapo. Mama mkwe akanishika mkono, akaniambia kwa Kikamba twende nyumbani. Tuliacha mlango wazi hewa ile itoke, mpaka taa ikakubali kuwaka ndani.

Safari hii tulipolivunja tofali na kulikwaruza kwa msumari, msumari uliteleza hata katikati.

Tukajenga. Wazazi wengine waliwaagiza watoto wao wasikae karibu na ukuta. Mvua kubwa ya kwanza ilipokatika, nilienda peke yangu nikaupapasa kutoka kona hadi kona, nikitafuta unga. Viganja vyangu vililowa tu. Mvua iliyofuata, nilienda tena.