Ufito wa Kupimia Geti

Bibi yangu aliingia karakanani, akauona ufito umeegemea ukuta, salamu ikamkauka mdomoni.

"Nani kafa?" akaniuliza.

Nikazima grenda. Nikavua miwani. Nikacheka, maana nilidhani ananitania kama kawaida yake.

"Hajafa mtu, bibi. Hicho ni kipimo cha geti."

Hakucheka.

Naitwa Warda. Ni fundi wa kuchomelea, hapa Kiegeani, Mafia. Nina diploma yangu ya ufundi na mikono yenye makovu ya cheche, kwa hiyo anayetaka kuniuliza mwanamke na chuma wapi na wapi, aulize akiwa amesimama mbali.

Haya yalinikuta mwaka jana. Nimekaa nayo muda mrefu. Leo nayatoa.

Siku tatu kabla bibi hajaniuliza swali lile, Ami Taufiki alinipigia simu. Ana shamba la minazi njia ya kwenda Ndagoni. Waliachiwa na baba yao, yeye na kaka yake Haruni.

Haruni ndiye mume wa mama yangu mdogo, Amina.

Au alikuwa mumewe. Wakati ule hakuna aliyejua tuseme vipi.

Tangu masika Haruni alikuwa haonekani. Taufiki alituambia kaenda dago, kwenye kambi ya wavuvi upande wa Kilwa. Yeye ndiye aliyemsindikiza, yeye ndiye aliyemwona akipanda chombo. Sisi wengine tulipewa habari tu.

Miezi sita ikapita. Simu ya Haruni haipatikani.

Mama mdogo Amina hakuwa mke, hakuwa mjane. Kila Alhamisi alasiri akitoka kwenye mwani anaoga, anajifukiza udi, anapaka wanja, anakaa barazani kutazama njia. Ukimgusia habari ya hitima anakufukuza.

"Mume wangu mzima," anasema. "Mkimsomea hitima mtamuua nyie."

Sasa huyu Taufiki anataka geti.

Nikapanda bodaboda, nikaenda kuona kazi. Nikashangaa.

Huku kwetu shamba la minazi halina mlango. Watu wanakatiza kwenda pwani, wanaokota kuti lililoanguka, wanaenda zao. Taufiki alikuwa kazungusha senyenge pande zote. Mbele kasimamisha nguzo mbili za zege, nene kama za benki.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nataka geti la mabawa mawili. Bati tupu, kutoka juu mpaka chini."

Nikafungua daftari langu, nikamchorea. Mimi kazi yangu naipenda, siendi tu kuunganisha vyuma. Nikamwekea bati nusu, juu nondo zilizosokotwa, katikati nyota mbili.

"Bati tupu tutaumia, ami. Kusi ikivuma litavutwa kama tanga, bawaba zitang'oka. Tuache nafasi juu upepo upite."

"Sitaki nyota. Sitaki nafasi. Sitaki mtu achungulie."

"Achungulie nini, ami? Nazi?"

Akanitazama tu, mpaka nikajiona mimi ndiye niliyekosa adabu.

Nikapima upana. Nikamuuliza, kwenda juu je?

Akaingia kwenye kibanda cha kukaushia mbata. Akarudi na ufito ambao alikuwa kauchomeka kwenye makuti ya paa.

"Huu ni urefu wa mtu," akasema. "Ongeza shubiri mbili. Hakuna atakayeona kitu."

Ningeweza kuupima palepale nikamwachia. Lakini mimi nikikata mabati mengi napenda kipimo cha kulaza juu ya kazi, nikate bila kufungua futi kila mara. Nikaufunga kwenye bodaboda, nikaja nao mpaka karakanani, nikauegemeza ukutani.

Urefu wa mtu. Maneno yale niliyasikia kwa masikio yangu, nikayapita kama napita mtaro.

Sasa turudi kwa bibi.

Bibi Somoe ni mwosha. Wanawake wa vijiji vitatu wakifiwa, yeye ndiye anayeitwa. Alisogea karibu na ufito, mikono kaificha ndani ya khanga.

"Njoo uone, mke mwenzangu."

Kwenye ncha ya juu kulikuwa na uzi mweupe, umezungushwa mara tatu na kufungwa fundo. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo. Nilidhani ni uzi wa nyavu.

"Huo ni uzi wa bafta," bibi akasema. "Umechomolewa kwenye sanda. Unaonyesha upande wa kichwa."

Chini yake kulikuwa na mkato wa kisu.

"Na hapo ni upana wa mabega. Maiti anapimwa, ufito unapelekwa kwa wachimbaji, wao wanachimba sawa na mwenyewe. Nyuzi kama hizo nimefunga mimi tangu mama yako hajazaliwa."

"Labda kauokota makaburini."

"Haubaki mzima, Warda. Watu wakimaliza kuzika wanauvunja, wanauacha palepale. Huu haukuvunjwa. Aliyepima hakuwa na mtu wa kumpelekea. Kapima mwenyewe, kachimba mwenyewe. Akatoka nao bila kujijua, kama mtu anayetoka msikitini na viatu vya mwenzake."

Hapo ndipo nilipotazama ukuta.

Ukuta wangu una alama za chaki za kila namna. Moja ilikuwa na maandishi, Ami H. Niliipiga mimi, mwaka mmoja nyuma, Haruni alipokuja na mkewe kuagiza kitanda cha chuma, maana vitanda vya dukani vinamwacha miguu nje. Nilimsimamisha wima pale, nikaweka kitabu kichwani pake, nikachora.

"Lakini kiwe chini chini, fundi," aliniambia. "Mimi mrefu, ila urefu na mimi hatupatani."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Akatuambia taa ya chumbani ikiungua anayepanda stuli ni yeye. Mumewe anaishika stuli huku kafumba macho.

Nikauchukua ule ufito. Nikausimamisha wima chini ya alama.

Uzi mweupe ukagota kwenye chaki. Haukuzidi, haukupungua.

Bibi akakaa juu ya mabati yangu. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Amina asijue mpaka tuone kwa macho," akasema. "Wewe tengeneza geti."

"Bibi! Nilitengeneze?"

"Kulibeba kunataka watu wangapi?"

"Wanane."

"Basi hao wanane ndio tutakaoingia nao. Bila geti hafungulii mtu senyenge ile."

Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Abdulswamadu. Waliongea nini mimi sijui. Ninachojua, mzee alipita karakanani jioni ile, akautazama ufito, akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Siku mbili nilichomelea lile geti. Mshono ulitoka na matundu kama mkate wa kumimina. Nikausaga kwa grenda, nikarudia. Kila bati nililolikata nililikata kwa ufito ule. Shubiri mbili juu ya Haruni.

Mama mdogo akaniletea wali mchana.

"Haruni akirudi atacheka mpaka akae chini," akasema, akilizunguka geti. "Shamba la nazi limefungwa bati kama rumande!"

Nikashusha kinyago changu cha kuchomelea.

"Unalia, Warda?"

"Moshi, mama."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, pikipiki ikazimwa nje. Taufiki.

Akaligonga bati kwa ngumi. Likatoa sauti nzito.

"Kazi nzuri. Ufito wangu uko wapi?"

"Nimeuweka ndani, ami. Nitakuja nao siku ya kufunga, nihakikishe kipimo."

"Nipe sasa hivi."

"Bibi kaondoka na ufunguo."

Uongo mtupu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nauhisi unanichoma paja.

Alinitazama muda mrefu. Halafu macho yake yakahama, yakaenda ukutani. Yakasimama kwenye Ami H.

Akasogea mpaka pale. Akalamba kidole gumba. Akaifuta ile alama taratibu, bila haraka, kama mama anayemfuta mtoto uso, mpaka ukuta ukabaki mtupu.

"Karakana yako chafu, mwanangu," akasema. "Geti nalitaka kesho asubuhi."

Akaondoka. Nilibaki nimeishika grenda kwa mikono miwili kama panga, na wala haikuwa kwenye umeme.

Kesho yake tukaenda. Geti kwenye guta, wanaume wanane wa Mzee Abdulswamadu wakitembea nyuma, mzee mwenyewe mbele. Bibi kavaa baibui jeusi, mkononi kitu kirefu kafunga kwenye khanga.

Na mama mdogo Amina. Hakuitwa. Alimwona bibi, yaani mama yake, katoka vile asubuhi asubuhi, akamfuata.

Taufiki akafungua senyenge. Wanaume wakalishusha geti, wakaliegemeza kwenye nguzo. Nikajifanya natafuta bawaba kwenye begi.

Bibi akafungua khanga.

"Taufiki mwanangu. Nimekurudishia kipimo chako."

Taufiki akanyoosha mkono. Bibi hakumpa.

"Hiki hakikai nyumbani kwa mtu. Nionyeshe pa kukiacha."

Mmoja wa wale wanaume akauona uzi, akavua kofia. Mwenzake akamwangalia, naye akavua. Mpaka wote.

Taufiki akakaa mchangani, pale pale langoni.

"Alianguka," akasema. "Wallahi alianguka. Kapanda mnazi kuangua madafu, akateleza."

"Mbona hukusema?" Mzee Abdulswamadu akamuuliza.

"Tuligombana jana yake, mzee! Watu wote walisikia. Mimi nataka tumuuzie shamba yule mtu wa Dar, yeye hataki. Nani angeniamini? Nilimwosha kwa mikono yangu. Nikamvika sanda. Nikamswalia peke yangu. Na yule mnunuzi karudi mara mbili, nimemfukuza mwenyewe. Ningeuzaje, na kaka yangu yumo ndani?"

Alituongoza nyuma ya kibanda cha mbata. Mawe mawili, kichwani na miguuni. Katikati mrihani umepandwa, na udongo ulikuwa na maji. Alikuwa anaumwagilia.

Nitasema kweli. Nilimhurumia. Wanaume wakaanza kusoma innalillahi. Mzee Abdulswamadu akaweka mkono begani kwa Taufiki, na Taufiki akalia kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama mdogo Amina hakulia.

Alisimama kando ya lile kaburi, wanja wake bado uko machoni. Halafu akainua uso, akatazama minazi.

"Taufiki," akaita, taratibu. "Alipanda mnazi gani?"

"Ule pale, shemeji. Ule mrefu."

"Haruni?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mume wangu hapandi stuli."

Nilisikia makuti yakisuguana juu.

Mzee Abdulswamadu akautoa mkono wake begani kwa Taufiki. Akatoa simu mfukoni.

Polisi walikuja kutoka Kilindoni. Kaburi lilifukuliwa, daktari akaangalia alichopaswa kuangalia. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo alichokiona sitakisema mimi. Haruni tumemzika upya, safari hii na watu, msafara wa jeneza ulifika mpaka barabarani.

Mama mdogo alitaka kukaa eda. Sheikh akamweleza kwa upole kwamba eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, na miezi minne na siku kumi ilishapita zamani.

"Kwa hiyo eda yangu nimeikaa nimepaka wanja?" akauliza. "Nikicheka?"

Sheikh akatazama chini.

Ufito uko polisi, kwenye mfuko wa plastiki. Kila wiki bibi ananituma nikaulize utarudishwa lini, auvunje. Geti nilirudi nalo, nikalikata vipande siku ile ile, nikaviuza. Sikutaka hata chakavu chake kibaki kwangu.

Siku hizi mteja akija kuagiza geti, kabla sijauliza upana na urefu, namuuliza linafungia nini. Wengine wananiona mmbea. Waende kwa fundi mwingine.

Na wewe unayesoma hapa, ambaye mtu wenu mnaambiwa kasafiri, na anayejua habari zake zote ni mtu mmoja tu, huyo huyo aliyemsindikiza na huyo huyo anayewaambia msubiri, inuka ukaulize. Uliza leo. Sisi tuliogopa kuonekana tunamshuku ndugu, tukamwacha mwanamke akajipamba miezi sita kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshapimwa.