Mashudu Yaliyokuja kwa Meli

Enzi za Mwingereza nilikuwa kwenye duka moja la Hedaru magunia ya mashudu yaliposhushwa kutoka kwenye treni. Ni makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, na kila mwaka meli ziliyaleta kwa wingi zaidi. Bibi mmoja aliyeteremka kutoka Myamba alichukua kipande, akakinusa, akakigonga mezani. Kililia kama tofali.

"Shikamoo bibi. Hicho kinaongeza maziwa ya ng'ombe," alisema mwenye duka.

"Marahaba. Wajukuu zangu ni mapacha, maziwa ya mama yao hayatoshi. Sasa ng'ombe akikikataa?"

Mwenye duka akamega kidogo, akatafuna mbele yetu. "Unaona? Kitamu!"

"Mwanangu, wewe hukamuliwi."

Duka zima likacheka. Hata hivyo alinunua, akajitwika, akapanda mlima.

Wiki iliyofuata alirudi kuchukua gunia zima. Mapacha walikuwa wameanza kunenepa.

"Tatizo ni babu yao," alisema. "Amenuna. Anasema ng'ombe analishwa vya ng'ambo, yeye makande tu."

Nilimwonea huruma mzee huyo, maana hata kwangu mchana ule yalikuwa yamepikwa makande.