Anwani Moja kwa Majirani Wawili

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta, Wete. Wakaingia bibi wawili majirani kutoka Gando, wamevaa kanga sare, mmoja amekumbatia kompyuta iliyoviringishwa shuka kama mtoto mchanga.

"Asubuhi intaneti hukataa," akasema mwenye kompyuta. "Alasiri hukubali. Alhamdulillahi, maana alasiri ndipo mwanangu aliyeko Muscat hupiga."

Fundi akaichomeka, akachungulia mipangilio. "Anwani yake ya mtandao imeingizwa na mtu kwa mkono, haikutolewa na mtandao wenyewe. Huko nyumbani mna kompyuta nyengine?"

"Ya mwenzangu huyu. Tunatumia mtandao mmoja. Aliyetuungia tulimwambia atutilie sawasawa, asitutofautishe."

Fundi akajishika paji la uso. "Basi kawapa na anwani moja. Kanga vaeni sare, bibi zangu, lakini anwani kila kompyuta huwa na yake. Zikiwashwa pamoja zinagombana." Akabonyeza mahali, akasema sasa itapewa anwani yake yenyewe.

Mwenye kompyuta akamgeukia jirani yake taratibu. "Kwa hiyo alasiri yako huwa umeizima?"

Jirani akashughulika na ncha ya kanga. "Nikiwasha, nakusikia dirishani, 'Halo, halo.' Nikizima, unacheka. Basi huzima."

Mwenzake akamshika mkono, wakatoka hivyo hivyo, na kompyuta wakaisahau juu ya meza.

Wiki hii silalamikii mtandao. Nimekaa najiuliza ni nani ananizimia yake, nami sijui.