Timazi ya Baba Mdogo

Watu wanaoagiza picha za kuchorwa kwa mkono wana mambo, na yule binti aliyeitwa Wino alikwisha kuwachoka wote kabla hata baba yake mdogo hajajitokeza. Kulikuwa na mama mwenye duka la mapazia, aliyetaka achorwe pamoja na mumewe, ila mume apunguzwe kitambi na yeye aongezwe shingo. Kulikuwa na mwalimu mkuu aliyeuliza, huku kaishika picha iliyomtoa mtu jasho, kama kompyuta haiwezi kuifanya bure. Na kulikuwa na wale wa "nifanyie tu, nitakutangaza," ambao hawajawahi kumtangaza hata paka wao. Wino aliwachekea wote usoni, akawatukana kimoyomoyo, akakaa kuchora. Angefanyaje? Ofisi yake ilikuwa meza moja, taa na chupa ya wino mweusi, kwenye kona ya sebule ya baba yake.

Baba huyo alikuwa fundi mwashi hadi magoti yalipomgomea. Siku hizi alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, akimtazama bintiye anavyoinama na kalamu. Siku moja jirani alimuuliza mzee bintiye anafanya kazi gani, naye mzee akajibu, "Yupo tu nyumbani." Wino aliyasikia hayo kutoka jikoni, na yalimkaa rohoni.

Basi ndipo akaja baba mdogo, mdogo wake huyo fundi, mkandarasi ambaye mji mzima ulimwita Bosi kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Aliingia bila kuvua viatu. Kaka mtu ndiye aliyemtoa kijiweni enzi hizo, akampa mwiko wa kwanza na kumfundisha kupanga tofali, lakini Bosi alikuwa amejisimulia mara nyingi jinsi alivyoinuka peke yake, hata akaanza kuyaamini mwenyewe. Sasa alikuwa na ofisi mpya na ukuta mrefu wa mapokezi usio na kitu.

"Nataka maisha yangu pale ukutani," alisema. "Picha za kufuatana, toka nilipoanza mpaka hapa nilipo. Kwa mkono, siyo mambo ya kompyuta. Ila usinichore, eh?"

Akacheka mwenyewe. Kumchora mtu, kama kila mtu wa mtaani ajuavyo, ni kumwanika mbele za watu, na huo ndio ulikuwa utani pekee wa Bosi. Wino naye akacheka, maana mteja ni mteja.

Alizichora moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa kazi tu, isipokuwa ile ya tatu. Humo Bosi alikuwa kijana aliyechuchumaa chini ya ukuta, jicho moja kalifumba, akiikagua timazi, kile kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili fundi ajue ukuta umesimama wima. Juu ya jukwaa alisimama kaka yake na kofia iliyopinda, ameushika uzi kwa vidole viwili. Vidole hivyo Wino alivichora kwa kuvitazama pale dirishani. Picha ilipokauka baba aliomba miwani yake, akainamia meza kwa muda mrefu.

"Kofia hiyo kweli nilikuwa nayo," alisema.

Jioni Wino alimsikia akimwambia jirani, "Binti yangu ni mchoraji. Kanichora. Nitatundikwa ofisini." Kesho yake aliomba anyooshewe shati lake jeupe kwa ajili ya ufunguzi, ingawa ufunguzi ulikuwa bado.

Bosi alipokuja kukagua alizipita picha zote kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kwenye ya tatu akakunja uso.

"Huyu wa juu anafanya nini hapa?"

"Ni baba."

"Najua ni kaka yangu, mimi si kipofu. Lakini mgeni akiingia ataniona nimechuchumaa miguuni pa mtu. Wakubwa watasemaje? Mtoe."

"Basi niichore upya, baba mdogo, nikupange vizuri."

"Wewe! Mimi hapa nimetoka vizuri mno. Mtoe yeye tu. Kingine chochote usiguse, hata mstari mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alimwelewa kweli, akamdharau kwa kila kitu, kuanzia viatu vyake mpaka maisha yake ya kufuatana. Alitaka kuzirarua zote. Lakini baba alikuwa amesikia kila neno kutoka chumbani.

"Mtoe, mwanangu," alisema. "Mwenye picha ni yeye." Akalichukua lile shati na kulirudisha kabatini.

Wino wa kalamu ya nibu haufutiki kwa raba. Hukwanguliwa kwa wembe, taratibu, kisha karatasi husuguliwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ilale. Akakwangua kofia, akakwangua uso wa baba yake huku machozi yakimtoka kwa hasira, akashuka mabegani na mikononi, akamaliza na vile vidole viwili. Chini ya vidole kulikuwa na uzi. Uzi ni mstari. Akaweka wembe chini.

Bosi aliipokea, akautazama uso wake, akasema, "Sasa hii ndiyo picha," na kuipeleka iwekwe kioo.

Siku ya ufunguzi baba hakutaka kwenda. Wino alimvalisha shati karibu kwa nguvu na kumkokota. Wageni wenye tai walipita mbele ya ukuta na glasi zao, wakasifu rangi ya picha zisizo na rangi, wakaenda kwenye chakula. Hawakuona kitu, na wangeonaje? Kisha mafundi wa Bosi wakaruhusiwa kuingia nao wapate soda. Walianza kutazama picha toka mwanzo. Kwenye ya tatu wakasimama.

"Jamani," akasema kibarua mmoja mzee, "nani kashika uzi?"

Maana timazi ilikuwa inaning'inia hewani, uzi wake umenyooka sawasawa, ukipanda juu mpaka mahali pasipo na mtu. Na chini yake Bosi kachuchumaa, kaikodolea jicho moja. Kicheko kilianza nyuma na kufika mbele.

Bosi akaja mbio. Alitazama, akatazama tena, macho yakamtoka.

"Umenichora!" alimfokea Wino.

"Ulisema nisiguse hata mstari mmoja."

"Itoeni hiyo picha! Itoeni sasa hivi!"

Hakuna fundi aliyesogea. Yule kibarua aliuliza tena, safari hii bila kucheka, "Lakini nani kashika uzi?"

"Mimi," alisema baba.

Alijikongoja hadi ukutani, mafundi wakimpisha, wengine wakimwamkia, kwa kuwa nusu yao alikuwa amewafundisha yeye. Akainua mkono na kuweka vidole viwili juu ya kioo, pale uzi ulipoishia.

"Hapo hapo, fundi," kibarua akamwambia. "Usiachie."