Mbegu za Hawe na Kutu ya Mahindi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile ya themanini, nilipopanda uchagani juu ya meko ya bibi yangu kule Vitengeni nikaanza kuzitupa chini mbegu zake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya vibarua vya chumvi Gongoni, nikachoka, nikarudi na mfuko wa mbegu mpya za mahindi zilizokuwa zikisifiwa kila nilikopita. Kutotulia kwangu unakujua. Hata leo mwaka hauishi nikiwa mahali pamoja.

Bibi, ambaye sote tulimwita Hawe, alihifadhi mbegu kwenye moshi ili zisiliwe na wadudu. Yalikuwepo mahindi manene, mengine membamba ya zambarau, mengine mafupi ya kuchekesha. Mimi niliyaonea haya. Hawe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, basi mabaya niliwapa mbuzi, mazuri tukasaga.

Aliporudi alitazama uchaga mtupu.

"Umefagia, mume wangu," alisema, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Haya, tuone utakavyonilisha."

Misimu miwili nilimlisha, nikatamba. Msimu wa tatu, mahindi yakitoa ndevu, majani yaliota madoa. Nikipita shambani, shati lilitoka na vumbi la rangi ya kutu. Muda si muda shamba zima lilikauka, na nyumbani hapakuwa na mbegu nyingine ya kupanda mvua za vuli.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli, akapitisha kidole kwenye jani.

"Hii ni kutu ya mahindi, ugonjwa wa kuvu, na vumbi hili ndilo uzazi wake. Watoto wake karibu wote hufanana naye, ila wachache huzaliwa na kosa dogo. Wengi wa hao hufa. Lakini atokee mmoja ambaye kosa lake linamwezesha kuingia kwenye hindi lililomshinda mzazi, huyo ndiye atakayezaana."

"Kwa hiyo mbegu yangu ilikuwa mbaya?"

"Nzuri sana. Ila mmeipanda hiyo tu, ninyi na wenzenu wengi. Kuvu akishaliweza shina moja, ameyaweza yote."

Hawe alikuwa akisikiliza. "Mama yangu alinikataza kupanda aina moja," akasema. "Sababu hakuniambia. Mimi nilidhani anapenda rangi."

Kisha akanipa kikapu nikaombe mbegu kwa majirani. Kwetu, anayeomba mbegu husema kwanza mlangoni, kwa kinywa chake, zake zilipotelea wapi. Nilimsihi aende yeye. Alikataa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Kahindi. Nilimwamkia shikamoo, nikasema mbegu za Hawe niliwapa mbuzi.

"Marahaba. Na hao mbuzi wamesoma mpaka kidato gani?"

Mkewe alicheka mpaka akaketi. Lakini mzee aliingia ndani akatoka na mahindi matano ya zambarau. "Chukua. Haya ni ya bibi yako mwenyewe. Alinipa mwaka ghala langu lilipoungua."

Kila nilikobisha nilichekwa, na kila nilikochekwa nilipewa. Vuli tulipanda mchanganyiko. Kutu ilirudi, ikachoma mashina mengine, mengine yakasimama, nasi tukala.

Baadaye, katika kutangatanga kwangu, nilisoma kwamba makosa yale ya watoto wa kuvu hutokea ndani ya vinasaba, na kwamba kuvu haitaacha kubadilika. Basi usitafute mbegu moja ya kumaliza vita, mwanangu. Panda za aina nyingi, hata zile usizozipenda kwa macho. Ulichobahatika kuwa nacho wagawie watu kabla hakijakupotea, na siku ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe. Mimi nimeishi kwa ukarimu wa watu walionicheka, na mpaka leo nawashukuru.

Mungu akujaalie majirani wa namna hiyo, na akupe moyo wa kuwabishia hodi. Amina.