Behewa la Alhamisi

Natamani ningekataa. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha duka la nafaka huko Kawale, mjini Lilongwe, mwenyekiti wa kamati yetu ya kudai behewa akaniongezea chai, akaniomba niwaambie watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kwamba behewa la mizigo litawangoja kwenye reli ya Kanengo siku ya Alhamisi. Nilijua kwamba hakuna aliyetupatia behewa. Nikakubali.

Vijana wa hapa kambini huniuliza kwa nini mzee mmoja anazungumzia treni kila siku mahali pasipo na reli. Nitawaeleza kazi yangu ya reli ilivyokuwa, na kwa nini mimi, kuliko mtu yeyote, sikupaswa kukubali.

Niliianza Kalemie, kwetu Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, nilipomaliza sekondari. Asubuhi ile ya kwanza ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa na umefika mpaka kwenye mataruma, zile mbao zinazoshikilia reli, hata ungesema stesheni inaelea. Nilipewa kofia kubwa kuliko kichwa changu, nikawekwa chini ya mkuu wa stesheni, tuliyemwita Shefu. Kazi yangu ilikuwa simu na kengele. Treni haikuondoka hivi hivi. Stesheni moja iliipigia simu ile ya mbele kuuliza kama njia ni wazi. Ikijibiwa ndiyo, hapo tu kengele ilipigwa, na watu wakasogeza mizigo yao karibu na reli. Huko tulikuita kupewa njia.

Katika ukungu ule nilisikia honi. Mpaka leo ningeapa kwamba niliisikia. Nikapiga kengele. Akina mama wakatoa vikapu vya samaki wakavu kutoka kivulini, wakavipanga kwenye udongo wenye umande. Shefu akatoka ofisini taratibu.

"We kijana, nani amekupa njia?"

"Mi nimesikia treni, Shefu."

"Treni iko Nyunzu, we unaisikia huku. Masikio yako ni marefu." Wachukuzi wakacheka. Yeye hakucheka. "Ule mama ametosha samaki yake ku kivuli sababu ya kengele yako. Sasa rudisha, we mwenyewe, kikapu kwa kikapu."

Nilivirudisha vyote, nikanuka samaki siku nzima.

Baadaye nilihamishiwa Nyunzu, kisha Kabalo, nikawa naibu wa mkuu wa stesheni. Niliona mahindi, pamba, mafuta ya mawese na saruji vikipita mbele yangu, treni moja ikibeba mizigo ambayo ingehitaji msururu wa malori. Mkulima asiyekuwa na jina alileta gunia lake moja, likawekwa kwenye behewa la mizigo midogo pamoja na magunia ya wengine, likafika mjini kwa bei aliyoimudu. Nilidhani dunia nzima huenda hivyo, polepole, kwa mstari ulionyooka. Kisha vita vikaja, vya kwanza na vya pili. Mabehewa yakabeba askari, injini zikasimama, na siku moja simu haikujibiwa tena upande wowote.

Nilivuka ziwa pamoja na shemeji yangu Wilondja, mkulima wa Fizi aliyemwoa dada yangu Eliza. Mashua yetu ilielekea kusini. Eliza aliingia mashua nyingine na akina mama wa kanisa, akaishia kambini upande wa Kigoma. Tulipofika Dzaleka, nchini Malawi, habari zake zilitujia kwa wasafiri: yu hai, kifua kinamsumbua, anatungoja tumtumie nauli ya kuja kwetu.

Dzaleka ni mahali pa upepo. Nilikuwa nikikaa nje ya nyumba yetu ya matofali mabichi, na upepo ulipopita kwenye mahindi niliusikia kama mabehewa matupu yanayoteremka kuelekea mtoni. Mara nyingine nilisimama kabisa, mkono ukitafuta kamba ya kengele. Wilondja alinitania kwamba akinikosa atanitafuta relini. Yeye alikodi shamba kwa wenyeji wa Dowa, akalima maharage. Mnunuzi mzuri alikuwa Limbe, kusini, lakini nauli ya lori ilikula mavuno kabla hayajafika.

Hivyo niliposikia kwamba Lilongwe kuna wafanyabiashara wadogo wanaodai behewa la mizigo midogo, niliomba kibali cha kutoka kambini nikaenda kujiunga na kamati yao. Mwenyekiti wao alikuwa Mmalawi muuza nafaka, aliyejifunza Kiswahili sokoni Mbeya. Tulipita nyumba kwa nyumba mtaa wa Nsungwi, tukashuka mtaa wa Mtandire kwa kabaza, mimi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikiwa na suti ya kuazima. Niliwaeleza watu kwamba treni haivunji barabara, kwamba mbolea ingeshuka bei, kwamba watoto wangevuka barabara ya Kanengo bila kukimbizwa na malori. Walinipa nsima, ugali wao, na kunisikiliza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu Kabalo.

Ofisa wa reli alitupokea kwa heshima. Alisema atafikiria, akishaona kwamba mizigo ipo. Hakusema zaidi.

"Achimwene, ndugu yangu," mwenyekiti aliniambia pale kibarazani, "magunia yakionekana yamejaa kando ya reli, watakataaje? Lakini watu hawataleta kitu kwa neno la labda. Wewe ni mtu wa reli. Ukisema wewe, wataleta."

Niliyaona magunia yamepangwa, injini ikirudi nyuma taratibu, mlango wa behewa ukifunguliwa. Niliona vizuri sana, kama nilivyoisikia ile honi ya Kalemie.

Jioni, nilipokuwa nimerudi kambini na kuwaambia watu, Wilondja alikuja kuniuliza huku amesimama mlangoni.

"Shemeji, njo kusema behewa iko? Batu banasema unaota tu."

"Iko," nilisema.

Aliniangalia, akatabasamu, akaenda kushona magunia.

Alhamisi magunia yalikuwa mengi kweli, ya wakimbizi na ya wenyeji, kwenye uwanja ulio wazi kando ya reli huko Kanengo. Mwenyekiti alikwenda kwa ofisa akarudi na jibu: injini imepelekwa kwingine. Tungoje. Tukangoja. Mvua za mwisho wa msimu, ambazo hakuna aliyezidhania tena, zikanyesha mfululizo, na turubai letu lilifunika sehemu tu. Malori yalikataa mzigo uliolowa. Nilipofungua gunia la Wilondja, maharage yalikuwa yameanza kuota, vijimea vyeupe vikitokeza kwenye nyuzi za katani. Nilianza kuyabeba kuyapeleka chini ya upenu, gunia kwa gunia. Akanishika mkono.

"Acha. Ule mwenyekiti mi sikumuuliza. Nilikuuliza we."

Behewa la mizigo midogo lilikuja baadaye sana, nami bado nasema kwamba tulikuwa na haki ya kulidai. Lilibeba mizigo kwa msimu mmoja tu. Watu wa Dzaleka hawakuleta hata debe.

Sasa nimestaafu hata ule ushawishi. Nikikaa nje na upepo ukapita, treni zangu bado hupita, ndefu, bila askari, na Shefu amesimama kwenye ukungu akiniuliza nani amenipa njia. Vijana, endeleeni kuidai reli. Ni mali ya wote, nayo hubeba gunia la mnyonge. Lakini msimwite mtu atoe mzigo wake kivulini kabla hamjapewa njia.

Maharage yale yalikuwa nauli ya Eliza. Msimu uliofuata, kabla Wilondja hajavuna tena, kifua kilimmaliza Eliza huko Kigoma, naye alikuwa bado anatungoja. Wilondja aliondoka kwenda kuliona kaburi, hakurudi, wala hakuniaga. Neno langu lile moja lilinipotezea dada yangu, na likanipotezea shemeji yangu.